Mama anapoingia soba: ya kupanga kabla, ndani, na siku ya kutoka

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nikiingia soba, mwanangu namwachia nani? Nina mimba, watanipokea? Arosto, yale mateso ya mwili unapoacha, inaua? Nikitoka, mama mkwe atanirudishia mtoto wangu? Kuyajibu vipandevipande kwenye simu kunachosha, na anayeuliza anabaki na nusu ya jibu, kwa hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio.

Mwongozo huu ni wako wewe mama unayetumia unga (heroini), pombe kali, au vidonge kama valium, na umeamua kwenda kukaa kwenye nyumba ya upataji nafuu, ile ambayo mtaani tunaiita soba. Mifano mingi ni ya Dar, Tanga na Unguja. Ukiwa Mombasa au Malindi utakuta mengi yanafanana. Pale ninaposema na ndugu anayekusindikiza, nitasema wazi.

Jambo moja ulishike mapema. Akina mama ninaowaona wakikatisha tiba, wengi arosto wameshaimaliza. Wanatoka wiki ya tatu au ya nne kwa sababu mtoto ana homa, au shangazi amepiga simu kusema amechoka kulea, au ada ya shule imeulizwa. Ndiyo maana humu mpango wa mtoto umepewa nafasi kubwa kuliko dawa.

Kwanza ujue unaenda wapi

Kuna njia mbili, na watu wanazichanganya. Soba ni nyumba ya kukaa miezi kadhaa bila kutumia chochote, kwa ratiba, ushauri nasaha na mikutano. Nyingi zinaendeshwa na asasi au watu binafsi, na familia huchangia ada ya mwezi. Kliniki ya methadone, dawa inayochukua nafasi ya unga, ni tofauti: unalala kwako, unakwenda kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu, na haulipii. Muhimbili walianza mwaka 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo huduma ipo pia Bagamoyo, Tanga, Dodoma, Mwanza, Mbeya, Arusha, na kwa Unguja iko Kidongo Chekundu. Kenya ziko Mathari, Malindi, Kisauni na kwingine. Methadone ni ya watumiaji wa unga na jamii yake. Haitibu pombe wala valium.

Hakuna njia iliyo ya waoga na nyingine ya majasiri. Ukisikia mtu anasema methadone ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, mwache na maneno yake. Kwa mama mwenye mimba au mtoto wa kunyonya, mara nyingi methadone ndiyo inayofaa zaidi, na sababu utaziona hatua ya 1 na ya 4.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Msimamizi mmoja. Mtu asiyetumia, anayepokea simu, anayeweza kukukatalia. Asiwe mpenzi wako mnayetumia naye.
- Mlezi wa mtoto aliyekubali kwa mdomo wake mwenyewe, siyo "mama atamchukua tu".
- Karatasi: kitambulisho au barua ya serikali ya mtaa (kwa sheha ukiwa Zanzibar, kwa chifu ukiwa Kenya), kadi ya kliniki ya mtoto, cheti chake cha kuzaliwa kama kipo, na kadi yako ya CTC (kliniki ya VVU) kama unatumia ARV.
- Dawa zako za kila siku za kutosha, zikiwa kwenye vifungashio vyake.
- Ada ya mwezi wa kwanza mkononi na ahadi ya kweli ya miezi inayofuata.
- Kanga tatu, madera mawili, nguo za ndani, pedi, kandambili, sabuni, ndoo, chandarua. Na sweta. Utacheka kwa joto la Dar, ila siku ya pili ya arosto utaitafuta.
- Namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu utaiacha mlangoni.

Hatua kwa hatua

1. Pima mimba kabla ya kitu kingine chochote.
Hata kama hujaona siku zako kwa mwaka mzima. Unga huvuruga hedhi, na wanawake wengi wanaotumia hudhani hawawezi tena kushika mimba. Wanaweza, na wengine wana mimba ya miezi minne bila habari.

Ukiwa na mimba na unatumia unga, usiache ghafla, si nyumbani wala soba. Arosto kali inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au mimba kuharibika. Nenda kliniki ya methadone na useme mlangoni kwamba una mimba. Kama hujui pa kuanzia, asasi zinazotembelea maskani, vijiwe vya watumiaji, zina waelimishaji rika ambao kazi yao ni hiyo hasa, kukuandikisha na kukusindikiza.

2. Taja kila unachotumia, chote.
Watu hutaja unga na kuficha pombe na vidonge, kwa sababu wanaona hivyo ni vidogo. Ni kinyume. Arosto ya unga inatesa, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida ni nadra kuua. Arosto ya pombe ya kila siku, au ya valium, huleta degedege na kuchanganyikiwa, na inaua. Mtu anayeamka akitetemeka mikono mpaka apate gongo ya asubuhi hatakiwi kuacha akiwa soba isiyo na daktari. Aanzie hospitali, alazwe siku kadhaa, ndipo ahamie soba.

Kosa la kila siku: familia inamfungia mama chumbani wiki moja "akauke kwanza" halafu ndiyo impeleke. Msifanye hivyo.

3. Kagua nyumba, tena ikaguliwe na mwanamke.
Soba nyingi zilianzishwa kwa ajili ya wanaume, na nyingine zimemega vyumba viwili nyuma zikasema zinapokea akina mama. Msimamizi aende mwenyewe, mchana, bila kupiga simu kabla. Aulize haya:

Nani analala zamu upande wa wanawake usiku, mwanamke au mwanamume? Nani anaangalia wenye arosto, na muuguzi anafika lini? Dawa za ARV na za TB zinatunzwa na nani, na zinatolewa saa ngapi? Aliye kwenye methadone anapokelewa? (Nyumba nyingine zinakataa, bora ujue leo.) Mtoto anaruhusiwa kutembelea kuanzia lini? Ada inajumuisha nini, na mtu akitoka katikati pesa inakuwaje? Nyumba imesajiliwa wapi?

Kisha aache kuuliza, aangalie. Mlango wa choo cha wanawake una komeo la ndani? Jikoni kuna nini kwenye sufuria saa sita mchana? Wakazi wanamtazama mhudumu usoni au wanainamisha vichwa akipita? Akiona minyororo, fimbo, au akisikia watu "wanatiwa adabu", aondoke. Kipigo hakijawahi kuwa tiba. Na nyumba isiyo na mlinzi wa kike usiku mimi singempeleka dada yangu, hata wakipunguza ada nusu.

4. Mpange mtoto. Chukua muda wako hapa.
Anza na nani. Usichague mwenye nyumba nzuri, chagua mwenye uvumilivu na asiyekuchukia. Bibi mzaa mama ndiye wa kawaida, lakini kama ana sukari na miguu inamvimba, mtoto wa miaka miwili atamshinda. Mama mdogo mwenye watoto wake anaweza kufaa zaidi mkimchangia chakula. Baba wa mtoto anafaa kama hatumii, na kama hukumkimbia kwa sababu ya kipigo. Kituo cha kulelea watoto kiwe cha mwisho kabisa, kupitia ofisa ustawi wa jamii, si kwa kupelekwa kimyakimya na ndugu.

Kisha andikeni. Najua neno hili linawaudhi wazee: "Tuandikishane kwa mjukuu wangu?" Ndiyo, bibi, tuandikishane. Karatasi moja inatosha, mbele ya mtendaji wa mtaa au sheha, na nakala moja kwa ustawi wa jamii. Iseme kwamba mtoto anaachwa kwa muda, mama akiwa kwenye matibabu, nani atamhudumia, nani atatoa pesa za nini, nani aamue akihitaji hospitali, na kwamba mama akimaliza, atarudishiwa mtoto kwa awamu. Hilo neno "kwa muda" ndilo litakalokuokoa baadaye, wakati shangazi ameshamzoea mtoto na anasema mama mwenyewe ni teja.

Mkabidhi mlezi kadi ya kliniki mkononi na mwelezane chanjo inayofuata ni lini. Mtoto wa miezi minane akiachwa leo, ya surua ya miezi tisa itamkuta kwa mlezi.

Sasa, mtoto ataambiwa nini? Pwani yetu uongo uko tayari: "Mama kaenda Omani kufanya kazi." Unaonekana mtamu, kwa kuwa kila mtaa una aliyekwenda kweli. Lakini aliyekwenda Omani hutuma simu na viatu, na mtoto wa miaka saba ataanza kuuliza viatu viko wapi. Halafu mwenzake shuleni atamwambia ukweli kwa lugha chafu. Mwambie wewe, kwa maneno mafupi: "Mama anaumwa. Naenda kukaa mahali wanaponitibu. Si kwa sababu yako. Utakaa kwa mama mdogo, na nitakupigia." Mdogo zaidi ya hapo hahitaji maneno mengi, mwachie kanga uliyoivaa, bila kuifua.

Anayenyonya ni suala lake peke yake. Usimwachishe ziwa kwa siku moja ili uwahi nafasi. Uliza kama nyumba inapokea mama na kichanga, ziko chache. Kama haipokei, zungumza na kliniki ya methadone, kwa sababu mama aliyetulia kwenye dozi na asiyetumia kitu kingine anashauriwa kunyonyesha. Kama unaishi na VVU, nesi wa CTC awemo kwenye mazungumzo hayo.

5. Wiki ya kwanza.
Arosto ya unga huanza saa 6 hadi 12 hivi baada ya kete (kipakiti cha unga) ya mwisho: miayo, makamasi, jasho, baridi. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, tumbo linakatika, miguu haitulii, usingizi hakuna. Kufikia siku ya saba wengi wanaanza kula. Usingizi na moyo mzito vitachelewa kukaa sawa, pengine wiki nyingi.

Kinachosaidia ni maji kidogokidogo, ORS kama unahara na kutapika, uji mwepesi, maji ya moto ya kuoga, na dawa atakazoandika muuguzi. Msimamizi asipenyeze tramadol wala valium kutoka duka la dawa kwa huruma. Hizo zinaanzisha ulevi mwingine, na zikikutana na unga au methadone zinasimamisha pumzi.

Kwa msimamizi: siku ya tatu utapigiwa simu. "Njoo unitoe, wananitesa." Usikate simu na usikimbie na bodaboda. Uliza kitu kimoja: wamekufanya nini? Akisema hawamjali, chakula kibaya, hawamwelewi, mara nyingi hiyo ni arosto inayozungumza. Akitaja mtu, kitendo na saa, nenda siku hiyohiyo, uonane naye ana kwa ana bila mhudumu pembeni. Nyumba ikikukatalia kumwona kwa malalamiko ya aina hiyo, umeshapata jibu.

6. Kaa na ratiba.
Kuamka alfajiri, dua, usafi, mkutano wa asubuhi, zamu ya jikoni, ushauri nasaha, mikutano ya hatua 12 ya NA (Narcotics Anonymous, waraibu wanaosaidiana kuacha). Inachosha kwa kujirudia, na ndivyo ilivyokusudiwa. Panga kukaa si chini ya miezi mitatu.

Kuna mambo ambayo kwa wanawake huibuka baada ya mwezi, mwili ukishatulia: aliyelazimishwa kulala na wauzaji ili apate kete, mtoto aliyeachwa peke yake usiku, mtoto aliyefariki. Usiyaseme kwenye mkutano wa watu wengi kwa sababu tu umeshinikizwa kufunguka. Omba mshauri mwanamke, ana kwa ana.

Siku zako pia zitarudi, na uwezo wa kushika mimba pamoja nazo. Zungumza na nesi kuhusu uzazi wa mpango ungali ndani, si baada ya kutoka.

7. Mtoto aje kukuona.
Baada ya mwezi wa kwanza, nyumba nyingi huruhusu. Ziara iwe fupi, aje na mlezi mmoja, siyo ukoo mzima na kesi zake za simu iliyouzwa na mitungi ya gesi iliyopotea. Kesi hizo zina siku yake.

Jiandae kwa jambo hili: mtoto anaweza kukukataa. Atajificha nyuma ya dera la bibi, atamwita bibi "mama", atakula biskuti zako bila kukutazama. Usimvute, usilie mbele yake, usimuulize "hunipendi?" Kaa chini kwenye mkeka, chezea kifuniko cha chupa, umngoje. Kwa kawaida ni ziara ya pili au ya tatu ndiyo anasogea.

8. Panga siku ya kutoka kana kwamba ni siku ya hatari, maana ndiyo.
Mwili uliokaa miezi bila unga umesahau kuuvumilia. Kiasi ulichokuwa unatumia zamani kama kifungua kinywa sasa kinaweza kukuua, na wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi. Kila mtu nyumbani alijue hili.

Usirudi chumba kilekile, kwenye kijiwe kilekile, kama kuna pengine pa kulala. Uwe umeshajua mkutano wa NA ulio karibu na siku zake kabla ya kubeba ndoo yako.

Mtoto arudi kwa awamu. Kwanza mchana, kisha usiku mmoja mmoja, kisha wiki. Akina mama wanaokabidhiwa watoto watatu jioni waliyotoka, na kodi, na mume mwenye hasira, wanabebeshwa mzigo ambao hata asiyewahi kugusa unga ungemwelemea.

Na pesa. Kuuza maandazi au kazi ya mama lishe ni nzuri, lakini fedha taslimu mkononi kila jioni ni mtihani. Kwa miezi ya mwanzo, wengi humkabidhi dada au huweka kwenye kikoba siku ileile.

Mambo yakienda kombo

*Ametoka kabla ya muda.* Msifunge mlango, na msimpe pesa. Mpeni chakula, mahali pa kuoga, na mwulizeni swali moja: turudi soba au twende methadone? Mtoto abaki kwa mlezi kama ilivyoandikwa.

*Ametumia tena.* Hutokea kwa wengi. Mpigie mshauri wake siku hiyo, kabla ya kikao cha ukoo. Tatizo kubwa baada ya kuteleza mara moja ni aibu, kwani humfanya ajifiche, na anayejificha hutumia peke yake.

*Amezidisha: haamki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi.* Mlaze ubavu, piga kelele za msaada, mkimbizeni hospitali na mseme wazi alichotumia. Kuna dawa ya nalokisoni inayorudisha pumzi. Akiwa hapumui, mpulizie mdomoni. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie ndoo za maji, msimchome sindano ya maji ya chumvi. Hayo yote yanapoteza dakika.

*Yuko kwenye methadone lakini jioni arosto inarudi.* Ulizeni dawa nyingine. Rifampisini ya TB na efavirenzi ya VVU hupunguza nguvu ya methadone mwilini. Mimba kubwa nayo huweza kuhitaji dozi iongezwe. Kliniki inarekebisha, yeye asijiongezee kwa kununua mtaani.

*Hakuna pesa ya ada tena.* Msikope kwa riba. Kwa mtumiaji wa unga, ongeeni na kliniki ya methadone, na mikutano ya NA haina kiingilio. Ukiwa Tanzania, piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya piga 1192 ya NACADA. Zote ni za bure.

*Mume au mpenzi bado anatumia.* Mkae mbali mpaka naye aingie tiba. Sijaona mama aliyedumu nyumba moja na mtu anayepanga kete mezani.

*Mlezi hataki kumrudisha mtoto.* Usiende na mabaunsa wala usimnyakue shuleni. Chukua ile karatasi, barua ya soba inayoonyesha ulimaliza, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii. Omba kwanza ratiba ya kumtembelea, uifuate bila kukosa hata mara moja. Rekodi hiyo ina uzito kuliko maneno. Kama mtoto anateswa huko aliko, namba ya kupiga ni 116, Tanzania na Kenya.

*Kichanga cha mama wa methadone kinatetemeka, kinalia kwa sauti kali, hakishiki ziwa.* Ni arosto ya mtoto, huonekana siku chache za mwanzo, na inatibika. Ndiyo sababu ujifungulie hospitali na uwaambie wakunga mapema unatumia dozi gani, ili wakubakize wodini kumwangalia. Kwa kumtuliza: chumba chenye mwanga hafifu, kelele kidogo, mviringishe vizuri kwenye kanga, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe mara nyingi kidogokidogo. Akipata degedege au akikataa ziwa kabisa, mwite nesi mara moja. Ukiwa umeshafika nyumbani, rudi naye hospitali usiku huohuo.